Barua haimfikii aliyekodi: historia ya bunduki za rangi na vifaa vinavyorudishwa kiwandani

Tarehe 27 mwezi wa sita 1981, watu 12 waliingia msituni karibu na mji mdogo wa Henniker, jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki ya Marekani. Kila mmoja alishika bastola ya gesi inayorusha kidonge cha rangi, na machoni alivaa miwani ya plastiki kama ile ya fundi anayenoa chuma. Bendera zilikuwa zimetundikwa sehemu mbalimbali za msitu. Aliyepigwa na rangi alitoka mchezoni, na aliyekusanya bendera za kila rangi bila kupigwa ndiye mshindi.

Waliopanga siku ile walikuwa watatu: Charles Gaines, mwandishi wa vitabu, Hayes Noel, mchuuzi wa hisa wa New York, na Bob Gurnsey, mwenye duka la vifaa vya michezo. Walikuwa na ubishi wa muda mrefu: kati ya mtu wa mji mwenye akili za biashara na mtu aliyekulia porini, nani angepona kama wangewindana? Mshindi akawa Ritchie White, mtu wa kazi za msituni. Alichukua bendera zake zote na kutoka bila kupiga hata risasi moja.

Kwa familia iliyolala porini ikikimbia risasi za kweli, mchezo kama huu unaweza kuonekana ni wa watu walioshiba. Hilo linaeleweka, wala hakuna haja ya kulibishia. Lakini ndani ya historia ya bunduki za rangi kuna jambo ambalo halihusu vita hata kidogo, na linamgusa kila anayetumia kitu kisicho chake: kiwanda kinapogundua kwamba kifaa kilichouza kina hatari, habari hiyo inamfikia nani? Inamfikia mwenye kukinunua, ama yule anayekishika mkononi?

Bastola zile hazikutengenezwa kwa mchezo. Kampuni ya rangi ya Nelson, ya jimbo la Michigan, ilizitaka kwa ajili ya wafanyakazi wa misitu. Mtu wa misitu alipaswa kutia alama kwenye mti wa kukatwa, na mara nyingine mti huo uko ng'ambo ya kijito ama kwenye mteremko mkali. Badala ya kwenda na kopo na brashi, angesimama pale alipo na kuupiga. Wafugaji nao walizitumia kutia alama ng'ombe. Kampuni ya Crosman ilijaribu kwanza kuzitengeneza, haikupata soko. Baadaye, katika miaka ya 1970, kampuni ya Daisy ndiyo iliyotengeneza ile iliyokuja kujulikana kama Nel-Spot 007. Kidonge chenyewe kilitengenezwa kwa njia ileile ya vidonge laini vya dawa, vile vyenye ganda la jelatini na mafuta ndani. Rangi ya kwanza ilikuwa ya mafuta, kwani ilipaswa kukaa kwenye mti hata mvua ikinyesha. Wachezaji wa kwanza walirudi nyumbani na nguo zisizofulika. Rangi inayotoka kwa maji ilikuja baadaye.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mchezo huu ulisimama juu ya kifaa kilichobadilishwa kazi. Mti hauna macho. Ng'ombe hupigwa ubavuni. Aliyeunda bastola ile hakuwa na sababu ya kufikiri juu ya uso wa mtoto wa miaka kumi.

Mwaka wa 1982 mchezo ukawa biashara. Gurnsey alifungua uwanja, watu wa majimbo mengine wakaiga, na kabla ya miaka kumi kupita viwanja vilikuwa vimeenea Marekani, Canada, Uingereza na Australia. Na hapo ndipo swali la kukodi linapoanza. Bunduki ya rangi si kitu ambacho mtu wa kawaida hununua. Anacheza mara moja kwa mwaka, siku ya kuzaliwa kwa mtoto ama siku ambayo wafanyakazi wa ofisi wamepewa mapumziko. Mwenye uwanja ndiye hununua bunduki hamsini, maski hamsini, chupa za gesi mia, na kuvikodisha kwa saa. Jumamosi asubuhi kifaa kinashikwa na mwalimu, mchana kinashikwa na mwanafunzi, Jumapili kinashikwa na mtu ambaye hajawahi kuona kitu kama hicho. Mmoja anakiangusha kwenye jiwe na hasemi. Mwingine anakiacha juani. Wa tatu anakipokea kikiwa kimefutwa na kung'aa, akiamini ni kizima.

Kifaa cha kukodi ndicho kinachochoka zaidi, na anayekishika ndiye anayekijua kidogo zaidi.

Madhara ya kwanza kuonekana yalikuwa ya macho. Viwanjani kwa kawaida kidonge cha rangi hakiruhusiwi kuzidi mwendo wa mita 91 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 320 kwa saa. Upana wake ni milimita 17 tu. Hapo ndipo tatizo lilipo. Mpira wa miguu ukimpiga mtu usoni, mifupa ya paji na ya shavu huupokea kabla haujafika kwenye jicho. Kidonge cha milimita 17 hupita kati ya mifupa hiyo na kulipiga jicho lenyewe. Madaktari wa macho walianza kuandika juu ya majeraha hayo katika miaka ya 1980: damu ndani ya jicho, lenzi iliyoharibika, retina iliyong'oka, wengine kupofuka kabisa jicho moja.

Miwani ya fundi wa chuma imetengenezwa kuzuia cheche na vumbi. Haikutengenezwa kwa pigo la namna hii, na pia huingia ukungu. Mtu anakimbia, anatoka jasho, kioo kinajaa mvuke, haoni mbele, anainua miwani ili apanguse. Sekunde tatu zinatosha. Katika taarifa nyingi za madaktari, aliyejeruhiwa hakuwa amevaa kinga yoyote, ama alikuwa ameivua kidogo tu.

Ndipo zikaja maski kamili, zenye kufunika macho, masikio na mdomo, na kioo cha plastiki ngumu ya polikaboneti. Shirika la viwango la Marekani, ASTM, liliandika kipimo maalumu cha kinga ya macho kwa mchezo huu, kinachojulikana kwa namba F1776. Liliandika pia vipimo vya namna ya kuendesha uwanja, vya kizibo cha mdomo wa bunduki, na vya meno ya valvu ya chupa ya gesi. Kampuni za bima zikasaidia kwa njia yao, kwani mwenye uwanja asiyekuwa na maski za kipimo hicho alikuwa na shida ya kupata bima. Mara nyingine mtu wa bima hufanya kazi ambayo polisi haifanyi.

Hata hivyo maski ya kipimo kizuri nayo huchakaa. Polikaboneti ni ngumu, lakini haipendi dawa kali. Mfanyakazi wa uwanja akipangusa kioo kwa dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia, kinaweza kupata nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Kioo bado kinaonekana safi. Watengenezaji wengi hushauri kibadilishwe mara kwa mara, hata kama hakijapasuka, na mara moja kikipigwa kwa karibu. Maelezo hayo yote huandikwa kwenye kijikaratasi kilichomo ndani ya boksi, na boksi hilo hutupwa siku maski inapofika. Anayekodi hajawahi kuliona.

Hatari ya pili ilichelewa kuonekana, na ilikuwa mbaya zaidi.

Bastola za mwanzo zilitumia kichupa kidogo cha gesi ya kaboni, gramu 12, ambacho kikiisha hutupwa. Kadiri mchezo ulivyokua, wachezaji walitaka kupiga risasi nyingi bila kusimama. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walianza kufunga chupa kubwa zaidi nyuma ya bunduki, chupa ya chuma ama ya alumini inayojazwa tena na tena. Ndani yake kuna gesi ileile inayotiwa kwenye vinywaji vya soda na kwenye baadhi ya vizima-moto, ila imebanwa mpaka ikawa maji. Kwenye joto la kawaida la nyumba, presha ya gesi hiyo ni zaidi ya mara 20 ya presha ya gurudumu la gari dogo. Ikiachwa ndani ya gari lililofungwa juani, presha hupanda haraka, na zaidi sana kama chupa ilijazwa kupita kipimo. Kwa sababu hiyo kila valvu ina kisahani chembamba cha chuma kinachopasuka chenyewe kuachia gesi kabla chupa haijapasuka.

Valvu hiyo ya shaba ina meno pande mbili. Upande wa juu unaingia kwenye bunduki. Upande wa chini unaingia kwenye chupa. Mtu anapomaliza kucheza, anashika chupa na kuizungusha ili itoke kwenye bunduki, kama anavyofungua chupa ya maji. Kinachotakiwa kufunguka ni meno ya juu. Meno ya chini yanapaswa kukaa imara, yamekazwa kiwandani na mara nyingi yamebandikwa kwa gundi.

Sasa chukulia kwamba chupa iliwahi kufunguliwa na mtu asiyejua kazi, akabadilisha kitu ndani, akairudisha bila kukaza vizuri. Ama ilianguka, gundi ikapasuka. Siku mtu anaizungusha kuitoa, meno ya juu yanashika na ya chini ndiyo yanayofunguka. Kwa macho hakuna tofauti: chupa inazunguka, inazunguka, inakaribia kutoka. Inapotoka, valvu imebaki kwenye bunduki na chupa imefunguka yote kwa pamoja, gesi nzima ikitokea upande mmoja. Chupa inaruka kama roketi.

Mwaka wa 2004, California, mama mmoja aliyekuwa kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa mtoto uwanjani alipigwa kichwani na chupa iliyoruka namna hiyo, akafa. Hakuwa akicheza. Mwaka huohuo tume ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama wa bidhaa, CPSC, ilitoa onyo kwa watu wote wenye chupa hizo, ikitaja vifo viwili, cha mama huyo na cha kijana mmoja.

Mtu atauliza: kwa nini lilikuwa onyo kwa watu wote, wala si mwito wa kurudisha chupa za kampuni fulani, kile ambacho kwa Kifaransa huitwa rappel? Jibu liko katika jinsi kifaa kama hicho kinavyoishi. Chupa ilitengenezwa na kiwanda kimoja, valvu na kingine, bunduki na cha tatu. Dukani walibadilisha valvu. Uwanjani waliijaza mara mia tano. Alama ya mwaka wa kutengenezwa imesuguliwa na mikono. Kosa halikuzaliwa kiwandani siku moja ili liitwe jina na namba. Lilizaliwa polepole, mikononi mwa watu wengi. Unamwita nani arudishe nini?

Dawa iliyoenea ni rahisi kiasi cha kuchekesha. Fundi anachora mstari mmoja wa rangi, hata rangi ya kucha za wanawake inafaa, kuanzia kwenye valvu kushuka mpaka kwenye chupa. Kila anapoitoa chupa anatazama mstari. Ukiwa umekatika, nusu ya juu ikienda huku na nusu ya chini kule, ujue valvu imezunguka. Simama hapohapo, usiendelee kuzungusha, mwite anayejua. Viwanja vingi baadaye viliacha kabisa gesi ya kaboni na kutumia hewa ya kawaida iliyobanwa, kwenye chupa zenye tarehe iliyopigwa mhuri. Chupa kubwa za aina hiyo Marekani zinatakiwa kupimwa upya kila baada ya miaka kadhaa, na nyingi za zile zilizozungushiwa nyuzi huondolewa kabisa zikifikisha miaka 15.

Mwito wa kurudisha bidhaa una historia yake. Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa magari mwaka wa 1966, mwaka mmoja baada ya wakili Ralph Nader kutoa kitabu chake juu ya magari ya hatari. Sheria hiyo ilimlazimisha mtengenezaji anayegundua kosa kumwandikia barua mnunuzi. Mnunuzi gani? Wa kwanza. Aliyenunua kwa mkono wa pili kwa kawaida hakuwa na haki ya barua, na hata yule wa kwanza hakuwa na haki ya kutengenezewa bure; hiyo ilikuja na mabadiliko ya mwaka wa 1974. Kwa bidhaa nyingine, kama vitu vya watoto, majiko na vifaa vya michezo, sheria ilipitishwa mwaka wa 1972, ndiyo iliyozaa tume ya CPSC. Kampuni inayojua kwamba bidhaa yake ina hatari kubwa hupewa saa 24 kuiarifu tume.

Saa 24 ni muda mfupi, na hilo ni jambo jema. Lakini hiyo ni safari ya kutoka kiwandani kwenda ofisi ya serikali. Safari ya kutoka ofisini kwenda kwa mtumiaji haina saa. Kwa gari kuna namba ya shasi na daftari la serikali linaloonyesha liko kwa nani. Kwa maski ya mchezo hakuna. Kiwanda kinajua kilimuuzia msambazaji. Msambazaji anajua alimuuzia mwenye duka. Mwenye duka huenda anakumbuka mwenye uwanja, kama uwanja haujauzwa kwa mtu mwingine pamoja na vifaa vyake. Na mwenye uwanja hamjui yule mtoto wa Jumamosi.

Kuna kichekesho chungu hapo. Kabla ya kuingia uwanjani, kila anayekodi hutia sahihi karatasi ya kukubali kwamba mchezo una hatari. Karatasi ya kumlinda mwenye mali inamfikia kila mtu, bila kumkosa hata mmoja. Karatasi ya kumlinda anayekodi ndiyo inayopotea njiani.

Aliyevunja ukimya juu ya jambo hili hakutoka kwenye michezo. Alikuwa mama aliyefiwa. Tarehe 7 mwezi wa kumi 2004, mwaka uleule wa lile onyo la chupa, ndugu wawili wa kike, Raechel Houck wa miaka 24 na Jacqueline wa miaka 20, walikuwa wakirudi kutoka kwa mama yao kwa gari la kukodi aina ya Chrysler PT Cruiser, kwenye barabara kuu namba 101 ya California. Moto ulianza chini ya boneti, usukani ukakosa nguvu, gari likavuka katikati ya barabara na kugongana uso kwa uso na lori. Wote wawili walikufa. Karibu mwezi mmoja kabla, Chrysler ilikuwa imetoa mwito wa kurudisha magari hayo, kwa sababu mpira wa mafuta ya usukani ungeweza kuvuja na kushika moto. Kampuni iliyolikodisha, Enterprise, ilikuwa imepata barua. Gari halikuwa limetengenezwa, na baada ya barua lilikodishwa kwa wateja wengine watatu kabla ya ndugu hao.

Sheria haikuwa imevunjwa. Hilo ndilo liliwashangaza watu wengi zaidi. Mfanyabiashara hakuruhusiwa kuuza gari jipya lenye kosa kama hilo kabla ya kulitengeneza, lakini kulikodisha hakukukatazwa. Kesi ilichukua miaka. Mwaka wa 2010 Enterprise ilikubali lawama mahakamani na jopo la wazee wa baraza likaipa familia dola milioni 15. Mama yao, Cally Houck, hakuishia kwenye pesa. Alikwenda Washington mara kwa mara kudai sheria. Kampuni za kukodisha mwanzoni zilipinga, baadaye mwaka wa 2012 kubwa zake zikakubali kumuunga mkono. Mwezi wa kumi na mbili 2015 sheria ilipita, ikabeba majina ya mabinti zake, ikaanza kazi tarehe 1 mwezi wa sita 2016. Inasema gari likiitwa kiwandani, kampuni ya kukodisha isilitoe tena mpaka litengenezwe, na inapewa saa 24 tangu kupata taarifa, ama 48 kama magari ni mengi mno.

Sheria hiyo ina mipaka. Inahusu kampuni zenye magari zaidi ya 35 tu. Mwenye magari kumi yuko nje. Na inahusu magari. Maski za mchezo, chupa za gesi, ngazi za ujenzi, mashini za umeme, vyote vinavyokodishwa kila siku, havimo.

Jinsi pengo hilo linavyoua ilionekana tena mwaka wa 2014, kabla sheria haijapita. Mwanamke kijana wa California alikodi Honda Civic ya mwaka wa 2001 kwa kampuni ndogo. Akagonga gari la mbele yake, ajali ambayo kwa kawaida mtu angetoka na maumivu ya shingo. Mfuko wa hewa wa usukani ulipofunguka, kikopo cha chuma kinachoujaza kilipasuka na kurusha vipande. Alikufa. Gari lile lilikuwa limeitwa kiwandani tangu 2009. Barua zilitumwa. Hakuna aliyemwambia yeye.

Kikopo hicho kilikuwa cha kampuni ya Kijapani ya Takata, na hapo habari hii inafika mashariki ya Kongo. Vikopo vya Takata vilijazwa nitrati ya amonia, kemikali inayoharibika polepole kwa joto na unyevu. Baada ya miaka inalipuka kwa nguvu kuliko ilivyokusudiwa. Vilivyoitwa virudishwe duniani ni karibu milioni 100, katika magari ya Honda, Toyota, Nissan, Mazda, BMW na mengine mengi. Hakuna mwito mkubwa kuliko huo katika historia ya magari. Mwaka wa 2017 Takata ilikiri kosa la udanganyifu mahakamani Marekani, kisha ikafilisika.

Magari mengi yanayotembea Goma, Bukavu, Uvira na Lubumbashi yalianza maisha Japani, ndiyo maana usukani, ama volani kama wasemavyo mashofere, uko kuume. Yalinunuliwa mnadani, yakapita bandari ya Dar es Salaam ama ya Mombasa, yakauzwa mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kama kulikuwa na barua, ilikwenda kwa mwenye gari wa kwanza kule Osaka ama Nagoya. Kule Marekani serikali ilipanga magari ya sehemu zenye joto na unyevu, kama Florida na Hawaii, yatengenezwe kwanza, kwani ndiko kikopo kinakochakaa haraka. Kwa kipimo hicho Uvira na Kisangani ziko kwenye hatari zaidi kuliko Goma penye baridi ya mlima. Na abiria wa teksi, ama familia iliyokusanya pesa kukodi gari la kubeba mgonjwa na magodoro, ni watu wa hali ileile ya mtoto wa Jumamosi: wamelipa kwa saa, wanashuka, jina lao haliko kwenye daftari lolote.

Barua imekosa mtu, lakini namba haijapotea. Bamba la usajili hubadilika gari linapovuka mpaka. Namba ya shasi haibadiliki. Kwa magari mengi ya Kijapani imepigwa kwenye chuma ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenga injini na abiria, ama sakafuni karibu na kiti cha mbele, na tena kwenye kibati kidogo chenye jina la kiwanda. Watengenezaji wa Kijapani huweka kwenye intaneti ukurasa wa kuangalia namba hiyo kama gari liliitwa na kama lilitengenezwa. Mwenye gari anaweza kuiandika kwenye karatasi na kumpa kijana mwenye simu. Shofere anayelipeleka gari garaji kubadilisha mafuta anaweza kuuliza vilevile. Jambo moja tu lisifanywe: fundi asiufungue mfuko wa hewa kwa bisibisi ili autazame, hasa kama betri haijatolewa waya. Kikopo kilichochakaa hakionyeshi dalili kwa nje, na kazi ya kukitoa ni ya mtu aliyefundishwa.